Kalemie: Ziwa lenye Mlango Mmoja

Siku utakayofika Kalemie, usikimbilie ufukoni mara moja. Wageni karibu wote wanafanya hivyo, na hatuwalaumu, maana ziwa letu ni zuri. Lakini wewe nenda kwanza kwenye daraja la mto Lukuga. Simama pembeni ili wenye baiskeli na pikipiki wapite, kisha utazame maji yanaelekea wapi.

Utashangaa kidogo. Mito mingi tunayoijua inaingia ziwani. Huu unatoka. Maji yanaliacha ziwa, yanakwenda upande wa magharibi, yanakutana na Lualaba upande wa Kabalo, na mwisho yanafika bahari ya Atlantiki. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 hivi, na pahali penye kina zaidi ni mita 1,470. Nchi nne zinaligawana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mito ya kuingia ni mingi: Ruzizi kaskazini, Malagarasi upande wa Tanzania, na vijito vingi vya milimani ambavyo majina yao yanajulikana na wenyeji tu. Mlango wa kutokea ni mmoja, na uko hapa Kalemie.

Shika neno hilo, mlango mmoja, maana nitakupeleka sasa mbali kidogo, mpaka kwenye pisini, kisha tutarudi pamoja hapa darajani.

Mashini inayokunywa jua

Wasomaji wetu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanaijua pisini, yale mabwawa ya kuogelea ya kampuni na ya hoteli. Kijana mmoja anayefanya kazi ya bustani katika nyumba ya wageni aliniuliza hivi: "Pasta, kule kazini banaleta mashini ya kuokota makaya mu pisini. Iko inatembea yenyewe juu ya mayi, hakuna mutu anaisukuma. Sasa mie nitabakia na kazi gani?"

Swali lake si la kuchekesha. Ni swali la chakula cha watoto. Basi tuitazame hiyo mashini vizuri kabla ya kumjibu.

Kwanza ujue namna pisini ya kawaida inavyosafishwa juu. Ukutani, pale maji yanapofika, kuna tundu kama dirisha dogo. Pampu inavuta maji ya juu yapite pale. Ndani ya tundu kuna kitunga. Majani, wadudu na nywele vinabaki kitungani, maji yanaendelea mpaka kwenye chujio, kisha yanarudi bwawani. Pampu ikizimwa, au umeme ukikatika, dirisha halivuti kitu. Majani yanazunguka juu siku moja, siku mbili, yanalowa, yanakuwa mazito, yanazama. Yakishafika chini yanaoza, maji yanageuka rangi, na kazi inakuwa ngumu mara nyingi zaidi.

Roboti ya kuelea inafanya kazi ile ile ya dirisha, lakini yenyewe inatembea kuyatafuta majani. Mfano wake ni kama mtumbwi mdogo wa plastiki, unaoweza kubebwa na mtu mmoja. Mgongoni ina sahani ya jua, na ndani ina betri. Mbele ina gurudumu lenye makafi linalovuta maji ya juu yaingie ndani. Maji yanapita katikati ya wavu na kutoka nyuma, takataka inabaki. Ikigonga ukuta inageuka na kwenda upande mwingine. Haina waya, haiombi mafuta, na betri ikiwa nzuri inaendelea saa kadhaa hata baada ya jua kutua. Mahali ambapo umeme unakuja na kwenda, hiyo si faida ndogo.

Lakini angalia mipaka yake. Haishuki chini, kile kilichokwisha kuzama hakiihusu. Haiui vijidudu, dawa ya klorini inabaki kuwa lazima, na maji bado yanahitaji kuzungushwa na kuchujwa. Tena haifai kuachwa majini watoto wanapooga. Mtoto mdogo akiona kitu kinachotembea juu ya maji atakifuata, hata kama hajui kuogelea. Iondolewe kwanza, ndipo watoto waingie.

Na mpaka mkubwa kuliko yote ni huu: kitunga hakijimwagi chenyewe. Mashini ile inaweza kufanya kazi mchana kutwa, lakini kitunga kikijaa inazunguka bure, tena majani mengine yanaweza kurudi majini. Lazima mtu aje, aitoe, amwage, aoshe wavu, airudishe. Mtu huyo ndiye atakayeona kama maji yanaanza kuwa ya kijani, na kama ukuta una ufa. Nilimjibu yule kijana: wavu wa mkono waweza kuuacha, lakini macho yako usiyaache. Ujifunze kupima klorini na kutengeneza pampu, na ujue wapi pa kupeleka kile kilichookotwa. Bwana wako akidhani amenunua mashini ili asihitaji mtu, ataona pisini yake baada ya mwezi.

Kitunga kilichojaa

Sasa turudi darajani. Lukuga ndio dirisha la ziwa letu. Maji ya juu yanatokea pale, kama katika ukuta wa pisini. Na historia inatuonyesha nini kinatokea dirisha likiachwa lizibe.

Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alipita hapa kwa mtumbwi akitafuta njia ya kutokea maji ya ziwa. Wenyeji walimwambia kwamba Lukuga unakwenda mpaka Lualaba. Akaingia mdomoni mwa mto, lakini hakuenda mbali: majani yanayoelea yalikuwa yamefunga njia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1876, alikuja Henry Morton Stanley. Naye alikuta matope na mafunjo, na maji karibu hayatembei. Watu wa Ulaya walibishana: Lukuga ni mto wa kutoka ama si wa kutoka?

Wakati wao walikuwa wakibishana, ziwa lilikuwa likipanda. Vijito vya pembeni vilikuwa vimeleta udongo, mimea ikashika mizizi juu yake, na mimea ikashika udongo mwingine. Kila kitu kilikuwa kidogo. Pamoja vikawa kizuizi kikubwa. Mwaka 1878 kikapasuka. Mwaka 1879 Edward Hore, baharia aliyekuja na Shirika la Misheni la London, alifika na kukuta mto wenye nguvu ukikimbia kuelekea magharibi. Joseph Thomson naye aliuona mwaka huo huo. Katika miaka iliyofuata uso wa ziwa ulishuka kama mita 10. Ukivuka ng'ambo mpaka Ujiji, kule Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, utaona pahali penyewe leo pako mbali na maji. Utatembea kwa miguu kabla hujafika ufukoni.

Mita 10, ndugu yangu. Hiyo ni nyumba ya ghorofa tatu. Ziwa zima lilipanda na kushuka kwa sababu ya mlango mmoja uliozibwa na majani na matope.

Usiseme hayo ni ya zamani. Mwaka 1964, baada ya miaka ya mvua kubwa, maji yalipanda tena sana. Mwaka 2021 na mwaka 2024 yalipanda mpaka kuingia nyumbani mwa watu hapa Kalemie, na Uvira, na Bujumbura vilevile. Hatusemi kwamba takataka ndiyo ilileta mafuriko hayo. Mvua ndiyo iliyoyaleta. Lakini mtu mwenye nyumba ya mlango mmoja hawezi kuwa mvivu wa kuusafisha mlango ule.

Maji yanapanda, chupa haipandi

Kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui. Maji mengi yanayoliacha ziwa hayapiti Lukuga. Yanapanda angani kwa nguvu ya jua. Lukuga inachukua sehemu ndogo tu. Ndiyo maana maji yanayoingia ziwani leo yatakaa humo mamia ya miaka kabla ya kutoka.

Sasa fikiri. Jua linaweza kuinua maji. Haliwezi kuinua chupa. Haliwezi kuinua sashe ya maji ya kunywa, wala kipande cha wavu, wala kandambili iliyokatika. Vitu hivyo vinaingia na mito na mifereji, na humo vinabaki, isipokuwa mkono wa mtu uvitoe.

Na muda wa kuvitoa ni mfupi, kama vile majani ya pisini. Chupa yenye kifuniko inaelea kwa sababu ina hewa ndani. Upepo unaisukuma mpaka ufukoni na mtoto anaweza kuiokota. Chupa ile ile bila kifuniko inajaa maji na kuzama, maana plastiki yake ni nzito kuliko maji. Mfuko mwepesi unaelea siku nyingi, unashika matope na majani ya kijani, unakuwa mzito, nao unakwenda chini. Ukishafika kwenye kina cha mita mia kadhaa, hakuna roboti ya pisini wala mvuvi atakayeufuata. Na kabla ya kufika huko, jua na mawimbi vimeuvunjavunja vipande vidogo ambavyo samaki wanaviona kama chakula. Mama anayenunua ndakala sokoni anapaswa kulijua hilo.

Tazama na jirani zetu wa kaskazini. Ruzizi inatoka ziwa Kivu pale Bukavu na kushuka mpaka ziwa letu. Karibu na Bukavu kuna bwawa la umeme la Ruzizi, lililojengwa miaka ya 1950. Katika miaka hii ya 2020 taka za plastiki zimekuwa zikifika pale kwa wingi mpaka kuziba njia ya maji na kusimamisha mashini za umeme. Wafanyakazi wanalazimika kuingia na vyombo juu ya maji, kuokota kwa mikono, siku kwa siku. Watu wa Bukavu wanakaa gizani kwa sababu ya chupa walizozitupa wao wenyewe mlimani. Sisi tunaopata umeme wetu kutoka Bendera, kwenye mto Kiyimbi, tusiwacheke.

Wenzetu wa mbali wanafanyaje?

Mjini Baltimore, Marekani, tangu mwaka 2014 kuna chombo kikubwa kilichofungwa mdomoni mwa mto unaoingia bandarini. Kina gurudumu la maji, kama kinu cha zamani. Mkondo wa mto unaligeuza, na siku mkondo ukiwa dhaifu, nguvu ya jua inasaidia. Kamba zinazoelea zinaongoza takataka mpaka mbele yake, mkanda unaiinua, na kuimwaga katika sanduku. Kule Rotterdam, Uholanzi, kampuni moja imetengeneza roboti ndogo ya kuokota taka bandarini. Kazi yake ni ile ile ya roboti ya pisini, ila maji ni makubwa zaidi.

Angalia wameweka chombo wapi. Hawakukimbiza chupa katikati ya bahari. Walisimama mdomoni, pale mto unapokutana na maji makubwa, wakangoja takataka iwajie. Hiyo ndiyo akili ya dirisha la pisini. Na Baltimore pia sanduku likijaa lazima mtu aje kulibadilisha.

Mtu wa Kalemie atauliza: "Sasa hizo falanga tutazitosha wapi?" Ni swali la haki. Roboti ya pisini haitasafisha ziwa, hata ukinunua elfu moja. Wimbi moja la msimu wa upepo litazigeuza juu chini. Lakini kanuni yake haiuzwi kwa dola. Kanivo ya mtaa wako ina mdomo mmoja. Kijito kinachopita nyuma ya parsele yako kina mdomo mmoja. Wavu wa zamani wa uvuvi, vijiti vinne vya nguvu, na kamba: hicho ndicho kitunga. Ukifunge kabla ya mvua za kwanza za mwezi wa kumi, maana maji ya mvua ya kwanza ndiyo yanayobeba taka zote zilizolala wakati wa kiangazi.

Kisha weka zamu ya kukimwaga. Hapa ndipo kazi nyingi za vijana zinapokufa. Siku ya kufunga wavu wote wanakuja, wanaimba, wanapiga picha. Baada ya mvua ya tatu wavu umejaa na hakuna mtu. Maji yanapanda nyuma yake, yanaingia nyumbani kwa mama mjane aliye karibu na mfereji, na asubuhi watu wa mtaa wanaukata wavu kwa hasira. Wana haki. Kitunga kisichomwagwa ni kibaya kuliko kutokuwa na kitunga. Lukuga ilitufundisha hivyo zamani.

Basi kabla ya kufunga wavu, jibuni maneno matatu: nani atamwaga, siku gani, na taka itapelekwa wapi. Kama mnaitoa mferejini na kuiacha kando, mvua ijayo itairudisha. Kama mnaichoma katikati ya nyumba, watoto watavuta moshi wa plastiki. Tengeni kwanza vile vyenye kazi. Umekwisha kuona bidoni ya njano ikielea ziwani siku tatu bila mwenyewe? Ni vigumu kuiona, maana kila mama anaitaka kwa mafuta ya mawese au kwa kuchota maji. Kitu chenye bei hakifiki mbali. Chupa ya plastiki nayo, mkiitafutia kazi na makuta kidogo, itaanza kuokotwa kabla ya kufika mferejini.

Na sheria ipo. Amri ya serikali ya mwezi wa 12 mwaka 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki katika Kongo. Tanzania nayo ilikataza mifuko ile tangu tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 2019, na wafanyabiashara wetu wanaovuka kwenda Kigoma wanajua. Lakini sheria haina mikono.

Usidanganywe na maji meupe

Neno la mwisho ni zito kuliko yote, na ninaomba wazazi walisome mara mbili.

Pisini ambayo roboti imepita juu yake inang'aa. Vivyo hivyo, asubuhi ambayo upepo umelala, maji ya ziwa letu yanaonekana kama kioo. Unaona mawe chini. Mgeni anachota kwa mkono na kunywa. Usifanye hivyo. Kalemie inajua kipindupindu, na Uvira inakijua. Ugonjwa ule unarudi mara kwa mara kwenye miji hii ya kando ya ziwa. Kijidudu chake hakielei kama jani, wala wavu haukishiki. Macho hayakioni. Kinatoka katika choo cha mtu, kinaingia majini, kinarudi katika kikombe cha mtoto.

Kwa hiyo kuokota kinachoonekana ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni choo kilicho mbali na maji, mikono iliyonawiwa kwa sabuni, na maji ya kunywa yaliyochemshwa au kutiwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Na mtu akianza kuharisha maji matupu kama maji ya mchele, msingoje asubuhi. Mnyweshe maji ya chumvi na sukari yaliyochanganywa sawasawa, na safari ya hospitali ianze saa ile ile, hata usiku.

Ukimaliza kutazama Lukuga, sasa nenda ufukoni. Utaona wavuvi wanarudi na ndakala na mikebuka, wamama wanapanga mabeseni, watoto wanaruka majini kama pisini hii yote ni yao. Na kweli ni yao. Pisini ya kampuni ikichafuka, mwenyewe anafungua bomba, anaitoa maji yote, na kuanza upya. Hii yetu haina bomba la namna hiyo.

Maswali ya kuzungumza pamoja nyumbani

1. Mfereji wa mtaa wetu unaishia wapi? Nani kati yetu amekwisha kuufuata kwa miguu mpaka mwisho?

2. Juma hili nyumba yetu imetupa chupa na sashe ngapi? Ngapi zingeweza kupata kazi nyingine?

3. Vijana wakifunga wavu, ni nani atakayeandikwa kwa zamu ya kumwaga baada ya mvua ya tatu?